Unga wa dondoo za mimea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasindikaji wa Bukavu

Majibu haya ni ya wanaosindika kwa kiwango kidogo bisapu (karkade), chai ya kijani, maganda ya kahawa na mimea mingine yenye antioksidanti, yaani viambato vinavyozuia uharibifu wa hewa, mjini Bukavu na kwenye vijiji vya Kabare, Walungu na Idjwi. Vipimo ni vya mafungu ya lita chache hadi hamsini. Anayetaka kusindika tani amtafute mhandisi kwanza.

Unga wa jani na unga wa dondoo vina tofauti gani?

Unga wa jani ni jani lenyewe, limekauka na kusagwa pamoja na nyuzinyuzi zake zote. Dondoo ni maji yaliyobeba kile kilichoyeyuka kutoka kwenye mmea. Yakichujwa na kukaushwa ndipo unapata unga wa dondoo. Wa kwanza unatuama chini ya kikombe, wa pili unayeyuka wote.

Mlonge unaouzwa sokoni Kadutu ni wa kundi la kwanza, na karibu yote yanayofuata hapa hauyahitaji: kausha majani mbali na jua kali, chini ya nyuzi 50, saga, funga. Kabla hujaingia kwenye dondoo jiulize kama mteja hawezi kununua jani zuri lililokauka. Kila lita ya maji unayoongeza kwenye mmea ni lita utakayolipia umeme au makala (mkaa) kuitoa.

Je, joto haliui antioksidanti?

Linaua, lakini haliui peke yake. Antosianini (rangi nyekundu) za bisapu, katekini (antioksidanti) za chai na vitamini C huharibika pale joto, maji, hewa na muda vinapokutana. Ukipunguza joto huku ukirefusha muda, mara nyingi umejidanganya. Dondoo iliyowekwa kwenye trei kwa nyuzi 35 siku mbili inakaa majimaji wakati wote huo, hewa ikiipitia, na vimeng'enya vya mmea, kama havikuuawa mapema, vinaendelea kula polifenoli, kundi la antioksidanti ambamo antosianini na katekini zimo. Dondoo ileile, ikitandazwa nyembamba kwa nyuzi 60, inakauka kwa saa nane hadi kumi na kutoka na rangi yake.

Mashine ya kukausha kwa kunyunyiza, inayorusha dondoo kama matone kwenye hewa ya moto, inalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Hewa inaingia ikiwa na nyuzi 160, na mtu akiona namba hiyo anashtuka. Lakini tone ni dogo mno na linakauka kwa sekunde chache, na maji yanapogeuka mvuke yanalipoza: wakati lingali na maji halipiti sana nyuzi 40 hadi 50. Likishakauka ndipo linapopata joto la hewa inayotoka, nyuzi 75 hadi 85, nalo hapo halikai.

Kwa hiyo tukiulizwa nyuzi ngapi, nasi tunauliza: kwa muda gani, unene gani, na mmea ulikuwa na maji kiasi gani?

Nianze na mmea gani?

Bisapu, ile karkade nyekundu. Ina asidi nyingi, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi) ya maji yake ni kati ya 2,3 na 2,7, na humo antosianini zinatulia. Faida nyingine ni kwamba rangi inakuambia ukweli: nyekundu ikigeuka kahawia umeona hasara kwa macho, bila maabara.

Chai ya kijani ni ya pili. Haina sukari nyingi, kwa hiyo inakauka bila kunata, ila inadai jani lipigwe mvuke mapema.

Maganda laini ya kahawa, yale yanayotupwa baada ya kumenya arabika, yana polifenoli na kafeini, na wakulima wa Kivu wanayo kwa wingi. Tatizo ni kasi. Yanaanza kuchacha siku hiyohiyo, na yakiota ukungu yanaweza kubeba okratoksini, sumu isiyoondoka kwa kukausha. Yatandazwe ndani ya saa chache baada ya kumenywa, ama yaachwe yawe mbolea. Umoja wa Ulaya uliyaruhusu kama chakula mwaka 2022, lakini mnunuzi wa huko atauliza kipimo cha okratoksini kabla ya kuuliza bei.

Manjano tusingeyashauri kwa dondoo ya maji. Kukumini, antioksidanti yake, karibu haiyeyuki majini, inahitaji alkoholi, na kushughulika na mvuke wa alkoholi karibu na kikaushio ni kuchezea mlipuko. Yakate vipande, yakaushe, yasage. Tangawizi hivyohivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu yake inaondoka na mvuke.

Ninaweza kutumia maji ya Ziwa Kivu?

Hapana, hata yakiwa yamechemshwa na kuchujwa. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana bikaboneti nyingi na pH yake ni karibu 9. Chai ikiloweshwa humo inageuka nyeusi-kahawia kwa dakika, kwa sababu katekini hazistahimili maji ya namna hiyo. Bisapu inaweza kuyashinda kwa asidi yake, lakini inapoteza wekundu njiani.

Tumia maji ya bomba au ya chemchemi, yachujwe, na uyapime kwa karatasi za pH. Kwa chai, yakizidi 7 ongeza asidi ya sitriki kidogokidogo, kuanzia gramu 0,2 kwa lita, hadi pH ifike 4,5 au 5. Maji ya mvua ni laini na mazuri kama bati la nyumba halina kutu. Likiwa na kutu, chuma kilichomo kitashika tanini na kukupa rangi ya wino.

Sufuria yoyote inafaa?

Inoksi (chuma kisichoshika kutu), kioo au plastiki ya chakula. Basi.

Sufuria za aluminiamu, hasa zile za kusubu kwa vyuma chakavu, haziwezi asidi ya bisapu. Zinayeyuka polepole ndani ya dondoo, na za chakavu zinaweza kuwa na risasi. Baadaye unakausha maji na metali inabaki kwenye unga, imekolea. Chuma cha kawaida kinatia weusi, shaba inachochea kuoza kwa antioksidanti. Kagua pia vitu vidogo: kichujio, bomba la pampu, koki ya bido, skrubu za kikamulio. Tumekwisha kuona dondoo nzuri ikiharibiwa na koki moja ya shaba.

Naomba hatua za bisapu, kwa kilo moja.

Chambua kwanza. Bisapu ya sokoni ina vijiti, mchanga na maua yenye ukungu. Ua lenye ukungu litupwe, lisioshwe. Zilizobaki zioshe haraka, nusu dakika, kwa maji baridi. Ukiziacha majini zinakuachia rangi kwenye karai.

Pasha lita 10 za maji hadi nyuzi 70, zima moto, tia kilo moja ya bisapu kavu iliyovunjwa vipande vikubwa. Usiisage iwe unga, kichujio kitaziba. Funika, shikilia nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika 30, koroga kila dakika tano. Joto hilo kwa muda huo ndilo lile la kupasha maziwa kuua vijidudu, kwa hiyo unapata faida mbili kwa moto mmoja. Kipimajoto ni lazima.

Chuja kwa kitambaa, kamua, kisha chuja tena kwa kitambaa kizito zaidi. Utapata karibu lita 7. Zilizobaki zimenywewa na maua. Yatie maua hayo lita 4 za maji ya moto kwa dakika 20, kamua, na maji haya ya pili usiyachanganye na ya kwanza. Yaweke kwenye friji, yawe sehemu ya maji ya kuanzia fungu linalofuata siku hiyo au kesho yake. Kwa njia hii unaongeza ukolezi bila kuchemsha.

Pima kwa refraktomita, kifaa kinachosoma briksi, yaani asilimia ya vitu vilivyoyeyuka. Ukisoma 4 au 5 briksi uko mahali pake. Lita 7 zenye 4,5 zina takriban gramu 315 za vitu vilivyoyeyuka. Iandike, ndiyo hesabu ya kibebeo, kitu kinachoongezwa ili dondoo ikauke iwe unga badala ya gundi. Ukisoma 2, ama bisapu ni ya msimu wa zamani, ama maji yalipoa kabla ya wakati.

Kausha siku hiyohiyo. Kama haiwezekani, ipoze haraka kwa kutumbukiza chombo kwenye maji baridi, ijaze mpaka shingoni ili hewa isibaki, iwekwe nyuzi 4, na isipite siku mbili.

Na chai ya kijani?

Jani bichi lipigwe mvuke dakika mbili hadi tatu ndani ya saa chache baada ya kuchumwa, la sivyo kimeng'enya kinachoifanya chai kuwa nyeusi kinaanza kazi. Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya bahari na maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Mvuke huo unatosha, ongeza nusu dakika tu. Jani likauke, kisha gramu 50 kwa lita moja, nyuzi 75 hadi 80, dakika 8. Ukizidisha joto unapata uchungu, na katekini zinaanza kubadilika umbo. Hapa asidi askobiki inasaidia, gramu 0,3 kwa lita.

Kama vitamini C inasaidia chai, niitie na bisapu?

Usitie. Palipo na hewa, asidi askobiki na antosianini zinaharibiana na rangi inapotea haraka kuliko kama hukuongeza kitu. Kosa hili linatokana na nia njema na ni la kawaida sana. Bisapu ikikosa asidi, jambo lisilotokea mara nyingi, ongeza asidi ya sitriki.

Niichemshe ipungue kabla ya kukausha?

Kuchemsha sufuria wazi kwa saa mbili ndiko kunakoharibu dondoo nyingi hapa mjini kuliko vikaushio vyote. Ni nyuzi 95, hewa, na muda mrefu kwa pamoja. Maji ya bisapu yanatoka na rangi ya tofali.

Mwenye chombo cha kuvukiza kwa ombwe (hewa ikiwa imenyonywa) apunguze kwa nyuzi 50. Hapo shinikizo linatakiwa lishuke hadi karibu milibari 120. Asiye nacho atumie maji ya pili kama tulivyoeleza juu, au akubali kukausha dondoo nyepesi na kulipa umeme wake. Njia nyingine ni kugandisha dondoo kwenye chupa hadi iwe barafu kabisa, kisha kuipindua juu ya chombo kwenye friji: kinachodondoka kwanza ni kizito, barafu inayobaki karibu ni maji matupu. Kusanya nusu ya kwanza. Rangi kidogo itabaki kwenye barafu, nayo irudi kwenye fungu linalofuata.

Kwa nini dondoo yangu inakuwa gundi badala ya unga?

Kwa sababu ya sukari na asidi zilizomo. Kila kitu cha namna hii kikikauka kinakuwa kama kioo kigumu, na kina joto ambalo juu yake kinalainika na kunata. Fruktozi kavu inalainika kwa nyuzi 5, glukozi 31, sukari ya kawaida 62. Maltodekstrini, wanga uliokatwakatwa kiwandani, ikiwa na DE 10 (namba hiyo tunaieleza chini) inafika karibu 160. Maji yanashusha namba hizi zote, hata yakiwa kidogo. Dondoo ya tunda au bisapu bila kibebeo inakuwa na joto la kulainika lililo chini ya joto la chumba chako, na hakuna mashine itakayokupa unga hapo, hata ukilipa dola ngapi.

Kibebeo kinapandisha joto hilo. Kwa bisapu na marakuja anza na uzito sawa: gramu 315 za vitu vilivyoyeyuka kwa gramu 315 za maltodekstrini. Ukiona unga unatoka mkavu na haunati, punguza kibebeo fungu kwa fungu hadi gramu 40 kwa gramu 60 za vitu vilivyoyeyuka. Chai ya kijani inahitaji asilimia 10 hadi 20 tu, na kwa kunyunyiza inaweza kukauka bila kitu.

Namba ya DE inaonyesha wanga ulivyokatwakatwa. Chagua 10 hadi 15. Ile ya 20 na zaidi ni tamu kidogo na inanata upesi.

Gundi arabika, inayotoka zaidi Sudan, inafunika antosianini vizuri kuliko maltodekstrini lakini ni ghali. Mchanganyiko wa sehemu tatu za maltodekstrini kwa moja ya gundi unatosha. Gundi iloweshwe usiku kucha kwenye maji baridi kwanza. Ukiitupa moja kwa moja kwenye dondoo ya moto inafanya mabonge.

Kumbuka kwamba kibebeo hakina antioksidanti. Unga wenye nusu kwa nusu una nusu ya nguvu kwa gramu. Mteja aambiwe, na kiasi kiandikwe kwenye pakiti.

Maltodekstrini siipati. Nitumie unga wa muhogo?

Wanga mbichi wa muhogo hauyeyuki majini. Ukipita nyuzi 65 unakuwa uji, unaziba pua ya mashine, na kwenye trei unakupa karatasi ngumu isiyoyeyuka tena kikombeni. Maltodekstrini hutengenezwa hata kwa muhogo, lakini kwa vimeng'enya na vipimo vya kiwanda.

Sukari inanata. Maziwa ya unga yanaganda kwenye asidi ya bisapu, na protini zake zinashika polifenoli. Ukikosa maltodekstrini na gundi arabika, uza bisapu kavu au sharabati, subiri shehena.

Njia ipi ya kukausha inanifaa?

Hesabu ya maji kwanza. Kugeuza lita moja kuwa mvuke kunadai angalau kilowati-saa 0,63, na kikaushio cha kawaida kinakula mara mbili au tatu ya hapo. Lita 7 zetu za bisapu zitakula kilowati-saa 9 hadi 13. Linganisha na bei ya umeme wako, au ya mafuta ya jenereta, kabla ya kutaja bei ya gramu 100.

Kugandisha na kukausha kwa ombwe kunalinda zaidi ya njia zote. Dondoo inagandishwa hadi chini ya nyuzi 40 za ubaridi, kisha barafu inageuka mvuke moja kwa moja chini ya milibari 1, kwa saa 24 hadi 48. Ni ghali, inataka umeme usiokatika, na unga wake unanyonya unyevu kama sponji. Kwa bidhaa ya bei ya juu tu.

Kunyunyiza kunafaa kuanzia lita kumi kwa siku kwenda juu, umeme ukiwepo. Trei ndiyo njia ya wengi, na ikifanywa kwa umakini haiaibishi mtu.

Trei: naomba vipimo.

Kwa lita 7 unahitaji trei kumi za sentimita 40 kwa 60, zenye ukingo, zilizotandikwa karatasi ya silikoni. Kila moja itachukua mililita 700, na kina kitakuwa milimita 3. Usizidi. Ukimimina milimita 6 ili utumie trei tano, juu patafanya ngozi, chini patabaki majimaji, na muda utazidi maradufu.

Yeyusha maltodekstrini ndani ya dondoo ikiwa na nyuzi 40 hadi 50, ukinyunyiza huku unakoroga. Panga trei zikiwa sawasawa kabisa, tumia pima-maji ya fundi. Trei iliyoinama inakauka upande mmoja na kuungua. Nyuzi 60, feni wazi, hewa yenye unyevu ipate pa kutokea. Baada ya saa nane hadi kumi karatasi ikikunjwa dondoo inapasuka kwa mlio, kama chipsi. Ikipinda bila kupasuka, rudisha saa moja.

Hapa sasa ndipo penye haraka. Vunja vipande vingali na joto, vitie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, vipoe humo. Vikipoa wazi mezani vinanyonya unyevu wa chumba na kulainika ndani ya robo saa. Saga sekunde 10 hadi 15, pumzisha, saga tena: kinu kikipata moto unga unashika kwenye visu. Chekecha kwa tundu la nusu milimita. Utarajie karibu gramu 600.

Wanaopiga povu la ute wa yai ili ikauke haraka wapo, na inafanya kazi. Lakini ute mbichi unaweza kuwa na salmonela na nyuzi 60 kwenye povu kavu haziwezi kuaminiwa kuiua. Tumia ute wa unga uliopashwa, na uandike yai kwenye pakiti kwa ajili ya wenye mzio.

Mashine ya kunyunyiza naiwekaje?

Kuingia nyuzi 150 hadi 170, kutoka 75 hadi 85. Joto la kutoka huliwekei namba moja kwa moja, unalipata kwa kasi ya pampu: ukiongeza dondoo linashuka, ukipunguza linapanda. Washa kwa maji safi hadi litulie, ndipo uingize dondoo.

Unga mbichi ukutani karibu na pua: pampu ni kali mno, au matone ni makubwa. Unga mkavu unaonata kwenye koni na kimbunga (sehemu inayotenganisha unga na hewa): kibebeo kidogo, au joto la kutoka limezidi 90. Punje nyeusi: kuna ganda linaungua kuzunguka pua, simamisha uoshe. Unga unapotea usijue ulipokwenda: ni laini mno, unatoka na hewa, koleza dondoo kwanza hadi asilimia 20 za vitu vilivyoyeyuka au zaidi. Mashine ndogo ikikurudishia asilimia 60 hadi 70 usilalamike.

Na jambo ambalo muuzaji hatakuambia: kwa urefu wa Bukavu hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Feni ileile inasukuma uzito mdogo wa hewa. Mashine iliyoandikwa lita moja kwa saa, panga kazi yako kwa mililita 850.

Jua si la bure?

Ni la bure kwa majani, maua na vipande. Kwa dondoo, hapana, na sababu ni ya hesabu. Siku ya mvua, hewa ya nyuzi 20 ina unyevu wa asilimia 80. Ukiipasha hadi 30 kwenye kikaushio cha jua inabaki na asilimia 44, na unga hauwezi kuwa mkavu kuliko hewa inayouzunguka. Ukiipasha hadi 55 inashuka hadi 12. Kati ya Juni na Agosti jua linaweza kukufikisha hapo mchana, kama kikaushio ni kizuri, lakini usiku unarudishiwa unyevu wote. Zaidi ya hayo, mwanga wa moja kwa moja unachuja rangi. Ukitumia jua, tumia kwa kuanzia, kisha malizia kwenye kikaushio cha umeme au cha makala chenye bomba la moshi linalotoka nje. Moshi ukipita kwenye trei, bidhaa imekwisha.

Umeme ukikatika katikati?

Kwenye trei, usifungue mlango. Chini ya saa moja, endelea ulipoishia. Dondoo ingali majimaji na umeme haujarudi kwa saa mbili, irudishe kwenye chombo na uipoze. Ikishakuwa ngozi nzito, ifunike na uiache. Bisapu itavumilia hadi asubuhi kwa asidi yake, chai haitavumilia.

Kwenye mashine ya kunyunyiza, chomoa bomba la dondoo mara moja na usukume maji kwa mkono kupitia pua, kabla haijaganda humo. Kwenye ya kugandisha, barafu ikiyeyuka fungu limeporomoka. Litumie kama dondoo ya trei. Tunapendekeza kikaushio kianze usiku, kama mtaa wako unapata umeme tulivu saa hizo, na kidhibiti umeme kiwepo siku zote.

Unga uwe na unyevu kiasi gani, na nitaupimaje?

Chini ya asilimia 5. Lenga 3 hadi 4. Pima gramu 5 kwa mizani ya desimali mbili au tatu, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa tatu, poza kwenye chombo kikavu, pima tena. Gramu 0,20 zikipotea ni asilimia 4. Unga wenye sukari unasoma juu kidogo kwa sababu nao unaanza kuoza, hivyo linganisha fungu na fungu kwa njia ileile.

Umeganda ndani ya pakiti. Umeharibika?

Ukivunjika kwa vidole na rangi ni ileile, ulilainika kidogo tu. Kausha tena nyuzi 50 saa mbili, chekecha, utumie mapema. Ukiwa bonge la kunata lenye rangi ya kahawia, tupa. Ukungu hauoti unga ukiwa mkavu hivyo, lakini kuganda kunaanza mapema sana kabla ya ukungu, na palipoganda antosianini zinaenda mbio.

Sababu karibu daima ni kufunga kwenye chumba chenye unyevu. Pakia asubuhi ya kiangazi au kwenye chumba chenye mashine ya kukausha hewa, vifuko vidogo, vyote ndani ya nusu saa. Silikoni dioksidi ya daraja la chakula, asilimia 1, inasaidia unga utiririke. Haiponyi unga uliokuwa mbichi.

Nifungie nini, na utakaa muda gani?

Vifuko vyenye tabaka la aluminiamu, vilivyozibwa kwa moto, pamoja na kijifuko cha silika. Sashe za plastiki nyembamba zinapitisha mvuke na hewa. Unga wa bisapu humo unachoka ndani ya wiki kadhaa. Chupa ya kioo inafaa kama ni ya rangi ya kahawia na mfuniko una mpira.

Kwa joto la Bukavu, gizani, mwaka mmoja ni lengo linalofikika. Kulijaribu, weka pakiti mbili kwenye nyuzi 40 na mbili kwenye friza. Kasi ya kuharibika huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10, hivyo wiki nne kwenye 40 ni kama miezi minne kwenye 20. Yeyusha gramu moja ya kila moja kwa mililita 100 za maji, linganisha rangi mbele ya karatasi nyeupe. Unga ukilainika kwenye nyuzi 40 jaribio halihesabiki, rudia kwa 30.

Nguvu ya antioksidanti inapimwaje?

Maabara hutumia Folin-Ciocalteu kupima jumla ya polifenoli, matokeo yakiwa miligramu za asidi ya galiki kwa gramu, na DPPH, dawa ya zambarau inayofifia ikikutana na antioksidanti, ikisomwa kwenye nanomita 517. Folin inahesabu pia vitamini C na sukari fulani, kwa hiyo usiitegemee peke yake kwa dondoo ya matunda. Pa kuulizia kwanza ni maabara za kemia za vyuo vikuu vya mjini na kituo cha utafiti cha Lwiro. Peleka dondoo ya kabla ya kukausha pamoja na unga wake, vyote viwili, na useme kibebeo ni asilimia ngapi. Namba ya unga peke yake haikuambii ulipoteza nini.

Niandike kwenye pakiti kwamba unatibu?

Usiandike. Namba ya maabara inaonyesha kinachotokea kwenye bomba la kioo, haionyeshi kinachotokea mwilini. Kwa sababu hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya ORAC, yaani namba za nguvu ya antioksidanti za vyakula, mwaka 2012, ilipoona namba zinatumiwa vibaya kuuza bidhaa. Andika mmea, kibebeo na asilimia yake, tarehe, namba ya fungu na jinsi ya kutumia. Bisapu inashusha shinikizo la damu kidogo, hivyo anayekunywa dawa za presha na mama mjamzito waambiwe wamwulize daktari. Kabla ya kuuza nje ya mtaa, pitia OCC, ofisi ya serikali ya udhibiti wa bidhaa, kwa ukaguzi.

Magome ya miti ya msituni je?

Bukavu imezoea magome, maana kwinini ya Pharmakina, kiwanda cha dawa cha mjini, inatoka kwenye mkwinini uliopandwa. Ya msituni ni habari nyingine. Prunus africana, mti wa msituni, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1995, na ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega huruhusiwi kuchuma kitu. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha shamba lake, usinunue kwake.

Mabaki ya maua na majani?

Mbolea. Ya bisapu yachanganywe na majivu kwanza, yana asidi.